Wawili Wawili
Jumapili ya 14 ya Mwaka C. Masomo: Isa. 66:10-14, Gal. 6:14-18, Lk. 10:1-12, 17-20



Tunapoisikia Injili ya Jumapili hii, masikio yetu hukimbilia yale makubwa yaliyomo: pepo wanaotii, Shetani anayeporomoka kutoka juu, mavumbi yanayokung'utwa miguuni kuwa ushuhuda juu ya mji mzima. Leo tunaomba tukae kwanza kwenye neno dogo lililo mlangoni mwa somo, ambalo msomaji hulipita upesi akiwahi hayo makubwa. Bwana aliwateua wanafunzi wengine 72, akawatuma wawili wawili. Tukilitazama jambo hili kwa jicho la mfanyabiashara, Bwana alikubali hasara. Angewatawanya mmoja mmoja, wangeifikia miji 72 kwa mara moja. Kwa kuwaunganisha wawili wawili, waliweza kuifikia 36 tu. Nusu nzima ya miji ilibaki ikingoja. Wala hatuwezi kusema kwamba hakuiona hesabu hiyo, kwa kuwa katika mstari unaofuata yeye mwenyewe anasikitika kwamba mavuno ni mengi na watenda kazi ni wachache.

Kwa nini basi, katika uhaba huo wa watu, atumie wawili kwa kazi ambayo mmoja angeweza kuifanya? Mtakatifu Gregori Mkuu, akihubiri juu ya Injili hii, alifundisha kwamba ni kwa ajili ya upendo, kwa maana upendo hauwezi kuwapo palipo na mtu mmoja peke yake. Lazima wawepo wawili, ili utoke kwa huyu umfikie yule. Hilo ni jibu la mwalimu wa Kanisa, nalo linatosha kwa wanaosoma vitabu. Lakini tunajua kwamba wengi wetu hulielewa neno upesi zaidi tukiliona limetembea kwa miguu. Kwa hiyo tuwachukue mbali kidogo, hadi jimbo la California huko Marekani, tukamtazame mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya sekondari. Hatumleti kwenu kama mtakatifu. Tunamleta kama mtu aliyelichukua neno hili la wawili wawili akalifanyia kazi kwa miaka 34, akaonja furaha yake, na kisha akaonja uchungu wake.

Jina lake ni Bob Ladouceur. Ni jina la Kifaransa, nalo kwa lugha hiyo lina maana ya upole. Jambo la kuchekesha kidogo kwa mtu aliyeishi kwa kufundisha mchezo wa kugongana. Alizaliwa mwaka 1954, na ujana wake aliupitisha uwanjani. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira uliochongoka pande mbili kama yai, ambao licha ya jina lake huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, na ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na mapedi mabegani kama askari wa kale waendao vitani. Aliucheza hadi chuo kikuu, katika Chuo Kikuu cha San Jose State.

Yafaa tueleze kidogo jambo hili, maana kwetu michezo ya vyuo si jambo la kuwakusanya watu wengi. Huko Marekani, viwanja vya vyuo vikuu hujaa makumi ya maelfu ya watazamaji, na kijana wa miaka 20 hujikuta jina lake liko midomoni mwa watu asiowajua. Kisha masomo huisha. Wachache mno huchukuliwa na timu za kulipwa; walio wengi huvua jezi siku moja na hawaivai tena. Mwaka huu uwanja mzima unakupigia makofi, na mwaka unaofuata hakuna anayekuuliza umeamkaje. Vijana wengi huvunjika hapo. Wengine huishi maisha yao yote wakisimulia magoli ya zamani, kama yule mzee kijiweni ambaye kila mmoja wetu anamfahamu.

Ladouceur alisomea mambo ya makosa ya jinai na haki, na alipomaliza alifanya kazi katika mahabusu ya watoto. Tuliweke jambo hilo akilini, kwa sababu litarudi. Mwanamichezo wa chuo, mwenye nguvu zake zote, akakaa zamu na watoto wa miaka 14 na 15 waliokamatwa kwa wizi, kwa ugomvi, na pengine kwa kumwaga damu. Mtu aliyewahi kukaa na watoto wa namna hiyo hupata elimu ambayo uwanja hauitoi: hutambua kwamba tofauti kati ya mtoto aliye ndani na mtoto aliye nje mara nyingi ni ndogo kuliko ukuta unaowatenganisha.

Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 25, alipewa timu ya futiboli ya De La Salle High School, shule ya wavulana iliyoko katika mji wa Concord, mashariki ya San Francisco. Shule yenyewe ilikuwa changa, imefunguliwa mwaka 1965, na timu yake haikuwa imewahi kumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Yaani alipewa kile ambacho hakuna mwingine aliyekitamani. Pamoja na timu alipewa pia darasa, na somo alilofundisha lilikuwa dini. Ndugu makatekista, sikieni hilo vizuri: mtu huyu ambaye magazeti ya Marekani yalimwita kocha, wanafunzi wake walimfahamu pia akiwa mbele ya ubao na chaki mkononi, akifundisha somo lilelile mnalolifundisha ninyi.

Shule hiyo ni ya Mabruda wa Shule za Kikristo, watoto wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, na hatuwezi kupita mlangoni pa nyumba yake bila kumwamkia. La Salle alizaliwa mwaka 1651 katika mji wa Reims, Ufaransa, katika familia ya watu wenye mali na heshima. Alikuwa padre na kanoni wa kanisa kuu, mwenye pato na kiti chake. Akawaona walimu waliofundisha watoto wa maskini, watu duni, wasio na mafunzo, waliodharauliwa hata na wale waliowafundishia watoto wao. Akawakaribisha mezani pake, kisha nyumbani mwake, hata ndugu zake wakaona aibu. Mwishowe aliacha ukanoni, na wakati wa njaa kuu akaigawa mali yake kwa wenye njaa. Alifariki mwaka 1719. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa walimu wote.

Katika maisha yake kuna jambo moja linalogusa Injili yetu moja kwa moja. Maparoko wa vijijini walimwandikia wakimwomba awapelekee bruda mmoja, mmoja tu, afundishe watoto wa kijiji, kwani hawakuwa na uwezo wa kuwatunza wawili. La Salle alikataa. Hakuwa na moyo mgumu kwa watoto wa vijijini. Aliwafungulia walimu wa vijiji chuo chao maalumu ili watoto hao nao wapate walimu. Ila bruda wake hakumtuma peke yake. Wawili, au asiende. Aliisoma Injili ya Luka, akaona kwamba hesabu ile ya hasara ndiyo hesabu ya Bwana.

Sasa turudi Concord. Ladouceur alifanya nini na vijana wake? Wapenzi wa mchezo wanaweza kueleza mbinu zake uwanjani, nasi tutawaachia. Jambo lililowashangaza wageni lilikuwa kadi. Kila juma, katika majira ya mchezo, kila kijana alichukua kadi ndogo ya karatasi akaandika ahadi zake: atafanya nini katika mazoezi ya viungo, atafanya nini katika mazoezi ya uwanjani, atafanya nini siku ya pambano. Hakuandika mambo ya jumla kama tunavyofanya wengi wetu wakati wa Kwaresima, kwamba tutakuwa watu wema. Aliandika jambo linaloweza kupimwa. Kisha jioni kabla ya siku ya mchezo, timu ilipokwisha kula pamoja, kijana alisimama mbele ya wenzake wote, akaisoma kadi yake kwa sauti, na akamkabidhi mwenzake mmoja. Hakumkabidhi mwalimu. Tangu saa hiyo kadi ilikuwa mali ya yule mwenzake, na baada ya mchezo huyo ndiye aliyesema kama ahadi imetimizwa au haikutimizwa.

Tufikiri jambo hili, ndugu zangu. Sisi sote tunajua kuahidi. Tunaahidi mbele ya Mungu kwa siri, na kwa kuwa Mungu ni mvumilivu na hapigi kelele, siku zinapita na ahadi inalala. Tunaahidi mbele ya mkubwa wetu, na mkubwa tunamwogopa, kwa hiyo tunaitimiza akiwepo na kuivunja akiondoka. Lakini ahadi iliyoandikwa kwa mkono wako na kuwekwa mkononi mwa mwenzako, ambaye kesho atakuwa ubavuni pako kwenye hatari ileile, hiyo haina pa kujificha. Unaiona kila unapomwona yeye. Na huyo mwenzako naye hawezi kukudharau, kwa maana kadi yake iko mfukoni mwa mwingine.

Na walipotoka chumba cha kuvalia kwenda uwanjani, walitembea wawili wawili wameshikana mikono. Vijana wa miaka 16 na 17, wavulana, katika nchi ambayo mvulana wa umri huo angeona haya kufanya hivyo mbele ya wasichana na maadui. Kwetu si ajabu marafiki kushikana mikono njiani. Kwao ilikuwa ajabu, na wapinzani waliwacheka. Walicheka kwa muda.

Kwa maana kuanzia msimu wa 1992 timu hiyo haikushindwa tena. Ilimaliza mwaka bila kushindwa, na mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata, misimu 12 mfululizo, hadi mwisho wa msimu wa 2003. Michezo 151 bila kushindwa hata mmoja. Rekodi ya nchi nzima kabla yao ilikuwa michezo 72, ya shule ya Hudson katika jimbo la Michigan. Fikirini: kulikuwa na watoto walioanza darasa la kwanza timu hiyo ikishinda, wakakua, wakafika kidato cha mwisho, na hawakuwa wameisikia ikishindwa. Mara nyingi wachezaji wake walikuwa wadogo kwa umbo kuliko wale waliokutana nao. Na waliosema maneno hawakukosekana. Wapinzani walilalamika kwamba shule ya binafsi inayoweza kupokea watoto kutoka miji mbalimbali ina faida ambayo shule ya serikali ya mtaa mmoja haina. Na sisi, kwa haki, tunaona lalamiko hilo si la wivu mtupu. Ila watoto hubadilika kila mwaka. Aliyeshinda 1992 hayupo 1996. Kitu kimoja tu kilikaa miaka yote hiyo, nacho ni ule utaratibu wa wawili wawili na mtu aliyeulinda.

Hapa ndipo wale 72 wanarudi kwa Bwana. Tunawasikia katika sehemu ya pili ya Injili wakirudi kwa furaha, na furaha yao yote iko katika matokeo: hata pepo wanatutii! Wamehesabu ushindi wao njiani. Bwana hawakemei kwa ukali, anaikiri nguvu waliyopewa. Lakini mara anaiondoa furaha yao mahali walipoiweka na kuihamishia pengine. Wasifurahie kwamba wameshinda, wafurahie kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Mtume Paulo katika somo la pili anasema jambo la ukoo huohuo, pale anapokataa kujisifia kitu chochote isipokuwa msalaba. Ni rahisi kuyasoma maneno haya. Mtu aliyeshinda mara 151 ndiye anayejua ni magumu kiasi gani kuyaishi, kwa sababu hakuna anayemwuliza juu ya kitu kingine. Ladouceur mwenyewe alipatwa na mshtuko wa moyo, akiwa mtu wa umri wa miaka ya arobaini tu, akanusurika. Mwili una namna yake ya kutukumbusha kwamba hesabu nyingine inaendelea.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja kwa njia nyingine. Katika somo la leo Bwana anawaambia wale 72 kwamba anawatuma kama wana-kondoo kati ya mbwa mwitu. Mara nyingi tunalihubiri neno hilo kana kwamba ni mfano mzuri tu wa upole.

Mmoja wa vijana wa timu ile alitoka Richmond, mji ulio katika wilaya hiyohiyo, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa umaskini wa mitaa yake na kwa milio ya bunduki. Alilelewa huko, akasafiri kwenda kusoma Concord, akacheza miaka yake yote bila kuonja kushindwa, akamaliza shule, akapata ufadhili wa kwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Oregon. Alikuwa ndiye yule mtoto ambaye mtaa mzima humwonyesha kidole na kusema: huyu ametoka. Tarehe 12 Agosti 2004, zikiwa zimebaki siku mbili aondoke, alipigwa risasi mtaani Richmond akafa. Alikuwa na miaka 18.

Na aliyempiga risasi alikuwa mtoto wa miaka 15.

Ndugu wapendwa, tuliwaomba mliweke akilini lile la mahabusu ya watoto. Ladouceur alianza kazi yake na watoto wa aina hiyo hasa. Akawaacha, akaenda kufundisha wengine, akawafundisha vizuri kuliko ambavyo mtu yeyote angetazamia. Na baada ya miaka 25 mmoja wa wale aliowafundisha anauawa na mtoto wa umri uleule wa wale aliowaacha. Hatusemi hili kwa kumlaumu. Mtu mmoja hawezi kulima mashamba yote. Tunalisema kwa sababu kuna msikilizaji, labda mama aliyempoteza mwanawe, labda katekista aliyemzika kijana aliyemfundisha kipaimara mwaka jana, ambaye sasa anauliza: basi yote yale yalikuwa na faida gani? Kadi zile, kushikana mikono kule, sala zile kabla ya mchezo, zilimkinga na nini?

Hazikumkinga na risasi. Tusidanganyane. Bwana hakuwaahidi wana-kondoo kwamba hawataumwa. Angekuwa ameahidi hivyo, asingetaja mbwa mwitu. Alichoahidi ni kwamba jina limeandikwa, na kwamba aliyetumwa hakutumwa peke yake. Kijana yule alizikwa na watu waliowahi kuzishika kadi zake. Waliojua alichokiahidi na kwamba alikitimiza. Si kitu kidogo kwa mtu wa miaka 18 kufa akiwa na mashahidi wa namna hiyo. Baba yake, katika msiba ule, alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe ya kuwasaidia vijana wa Richmond. Yaani aliwageukia watoto wa mtaa uleule uliomwua mtoto wake. Tunapolisikia tendo hilo tunajiuliza kama sisi, tukiwa katika nafasi yake, tungekuwa na nguvu za kutazama nje ya dirisha.

Lakini swali linalotusumbua zaidi ni lile la mtoto wa pili. Kadi ya yule wa miaka 15 aliishika nani? Aliahidi nini, kwa nani? Nani alitembea naye wawili wawili? Alikuwa na bunduki, na bunduki mkononi mwa mtoto maana yake ni kwamba kuna mtu mzima aliyemfikia kabla yetu. Mavuno ni mengi. Mbwa mwitu nao wanajua kuvuna, na wao hawasubiri Jumapili.

Tuyatazame basi ya kwetu. Katika parokia nyingi mtoto akishapakwa Krisma na Askofu, jina lake huandikwa katika daftari la kipaimara, picha hupigwa, pilau huliwa, na habari yake huishia hapo hadi siku atakapokuja kuomba ndoa, kama atakuja. Kati ya miaka 14 na 25 hakuna anayeshika kadi yake. Tumempa msimamizi, ndiyo, lakini tumwulize msimamizi mara ya mwisho amemwona lini. Kwaya ya vijana ipo, timu ya mpira ya parokia ipo, na twashukuru; ila twaona mara nyingi timu hizo zinakusanyika siku ya mashindano dhidi ya parokia jirani, zikagombana juu ya mwamuzi, zikatawanyika. Mpira mmoja na jezi 11 havifanyi utume. Na katekista mwenyewe! Mara ngapi katekista hupelekwa kigangoni peke yake, kilomita 20 kutoka parokiani, baiskeli yake mbovu, posho yake ya kusubiriwa, hana wa kusali naye wala wa kumwonya anapochoka? La Salle angekataa. Tunasema hali hairuhusu, watu ni wachache. Walikuwa wachache pia Bwana alipowagawa wawili wawili.

Hatuhitaji uwanja wa Concord kuanza. Karatasi na kalamu vipo hata kwenye jumuiya ndogo ndogo iliyo maskini kuliko zote. Vijana wawili, ahadi moja kila mmoja, inayoweza kupimwa: nitakwenda shule siku zote tano, sitagusa pombe Jumamosi, nitamchotea bibi maji kabla ya kwenda mpirani. Mwenzangu ataishika, na Jumapili baada ya Misa ataniuliza.

Tumalizie habari ya mwalimu yule. Siku 23 baada ya kifo cha kijana yule, tarehe 4 Septemba 2004, timu yake ilisafiri hadi Seattle, kaskazini, kucheza na shule ya Bellevue, ikashindwa kwa pointi 39 kwa 20. Mfululizo wa miaka 12 ukakatika jioni moja. Watu wa nje waliuona kama msiba mkubwa. Wale waliokuwa wametoka makaburini walikuwa na kipimo kingine cha msiba. Mwaka 2014 ilitoka filamu juu ya mambo hayo, na mwigizaji aliyemwigiza Ladouceur ni Jim Caviezel, yuleyule aliyeigiza nafasi ya Bwana Yesu katika filamu ya mateso ya mwaka 2004. Filamu, kama zilivyo filamu, iliyabana mambo ya miaka mingi katika msimu mmoja, kwa hiyo anayetaka kujua maisha yenyewe asiitegemee sana.

Maisha yenyewe yaliendelea bila muziki. Aliendelea kufundisha. Kadi ziliendelea kuandikwa. Msimu wa mwaka 2012 timu ilicheza michezo 15 ikashinda yote, na Januari 2013, akiwa na miaka 58, akatangaza kwamba anaacha uongozi wa timu. Waandishi wakatazama hesabu yao: alikuwa ameshinda michezo 399, ameshindwa 25, ametoka sare mara 3. Michezo 399! Ulibaki mmoja tu afikishe 400, na kwa timu ile mmoja ungepatikana juma la kwanza la msimu uliofuata. Mtu anayehesabu pepo waliotii angengoja. Yeye hakungoja. Timu ilichukuliwa na Justin Alumbaugh, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wanafunzi wake na kuvaa jezi ileile, na mzee akabaki pembeni, msaidizi wa mwanafunzi wake.

Ndugu wapendwa, tunapoelekea kukiri imani yetu, katika sala ya waamini ya leo tutawaombea kwa jina la ujumla tu, kwa kuwa Mungu anayajua majina yao: kijana aliyekuwa amebakiza siku mbili, baba yake, mtoto aliyebeba bunduki, ambaye siku hizi ni mtu mzima, na watoto wote wa kipaimara wa miaka mitano iliyopita katika parokia zetu. Makatekista, tafadhali leteni daftari Jumapili ijayo.